Kwenye Injini Hakuna Shikamoo

Sharja,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu na Mama yangu,

Shikamooni. Naomba Mungu barua hii iwakute mmekaa barazani kama kawaida yenu, Baba umevaa ile miwani yenye mguu uliofungwa uzi, na Mama unamwambia asome polepole. Mimi mwanenu Kassim ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimenunua karatasi na kalamu badala ya kupiga simu.

Habari za hapo? Baba, masikio yanaendeleaje? Yale matone ya daktari yanasaidia, au bado unasikia injini ikinguruma kichwani ukilala? Mama, mguu umepoa? Umeanza kupanda bajaji ukienda sokoni, au bado unasema bajaji ni za wavivu? Bibi kule Ntalikwa simuulizi yeye, maana hata akiwa hawezi kuinuka atasema hajambo. Nawauliza nyinyi: anakula? Na karanga mwaka huu zimeshika, au mvua imewakimbia tena?

Barua hii anaileta Maganga, yule wa Isevya anayekuja huku kununua vipuri vya bajaji. Anaondoka Alhamisi. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, Baba, asimpe mtu mwingine hata akibembelezwa. Simu nimeikwepa makusudi. Tangu masikio yako yaharibike unaiweka sauti ya juu kabisa, na mtaa mzima unakuwa umo ndani ya mazungumzo yetu. Wiki iliyopita sijamaliza hata kukujibu, Mama Sikujua alishaanza kunipongeza kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku hiyo uliniambia umepata mtu wa kununua shamba la Ntalikwa, ili mdogo wangu Zuhura aende shule ya urubani. Ukasema, "Kassim ndiye aliyemo ndani ya kazi hiyo. Akisema ndiyo, natia sahihi." Mimi nikasema, "Inshallah." Nikasikia vigelegele. Nyuma yake nikamsikia Bibi, kumbe siku hiyo alikuwa amekuja mjini, akisema, "Uzeni tu, mimi nimebakiza siku ngapi?" Mkacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikaa na simu mkononi, nikajua kwamba inshallah yangu imeshakuwa ndiyo, na sikuwa na ubavu wa kuirudisha mbele ya Mama Sikujua na majirani wengine. Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo acha nijibu sasa kama nilivyotakiwa kujibu siku ile.

Jibu langu ni hapana. Usiuze shamba, Baba.

Naogopa. Najua mtu wa umri wangu hamwandikii baba yake neno kama hilo, lakini nimelizungusha kichwani siku nane na sijapata jingine la kuweka mahali pake. Naamka nalo, nakwenda nalo kazini, narudi nalo. Hata chakula siku hizi nakula ili mradi nimekula.

Nikuelezeni kazi ilivyo. Sisi marubani wa ndege za mizigo tunakaa sana kungoja. Ndege inapakiwa, sisi tumekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na chai ya rangi. Zamani hapo palikuwa na maneno ya mpira na maneno ya wake. Siku hizi ni maneno ya kiti. Mbele ya ndege kuna viti viwili, cha kapteni na cha msaidizi, na huyo msaidizi ndiye mimi. Sasa wanaotengeneza ndege wanasema mashine zimekuwa na akili, na kwamba iko siku mtu mmoja atatosha. Wataanzia wapi? Kwenye mizigo, ndiko wengi wanakosema. Abiria akisikia rubani ni mmoja atashika roho, lakini kontena la matairi haliogopi kitu. Wako wenzetu wanaosema hayo hatutayaona sisi, serikali hazitakubali. Wako wanaosema yatakuja kidogo kidogo: kwanza mmoja ataruhusiwa kulala wakati ndege iko juu imetulia, kisha wakubwa watauliza kwa nini huyo anayelala asilale nyumbani kwake. Tunacheka. Halafu kila mtu anaangalia chai yake.

Na yale makaratasi ya kung'aa aliyokuonyesha Zuhura, yanayosema dunia itakosa marubani, hayasemi uongo. Wazee wanastaafu na ndege zinaongezeka. Hata mimi niliyasoma nikiwa na umri wake, nikayabandika ukutani juu ya kitanda. Ila hayasemi ni rubani wa namna gani anayekosekana. Anayetafutwa ni yule aliyekwisha kuruka saa nyingi. Aliyetoka shule na leseni mbichi, kila mlango anaobisha anaambiwa kalete saa. Atazitoa wapi, na hakuna wa kumpa ndege? Niliyesoma naye, Mganda mmoja anaitwa Okello, alikuwa akitushinda sote darasani. Sasa anauza simu kwenye duka kubwa hapa mjini. Leseni yake ameitia kwenye mfuko wa nailoni isipate vumbi. Mwezi uliopita nilipita pale, akaacha wateja wake akanifuata hadi mlangoni. "Kwenu wanachukua watu?" Nikamwambia sijasikia. Nilikuwa nimesikia, Baba. Nilisikia kwamba hawachukui, nikashindwa kumwambia.

Tena kazi hii ikisimama, inasimama yote kwa siku moja. Hamjasahau ule wakati wa korona, nilivyorudi nyumbani nimebakiza mitihani miwili, nikakaa miezi na miezi. Huku ndege zilipangwa jangwani safu kwa safu, midomo ya injini imezibwa. Na mimi nilikuwa Ntalikwa nachunga mbuzi wa Bibi, na Mama unawaambia wageni kwamba rubani wako anarusha mbuzi. Nilinuna, lakini tulikula. Mihogo ile, michembe ile ya viazi vikavu, karanga zile, ndizo zilizotuvusha. Sasa mnataka kuliuza shamba lililotuvusha ili kumpeleka mtoto kwenye kazi ileile iliyotuangusha.

Halafu nawaza ukoo wetu, Baba, na hofu inazidi. Babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka hapo Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa miguu, na Bibi hadi leo anaonyesha begani mahali mkwewe alipokuwa na sugu. Reli ikaja ikamtua mzigo, na kazi ikaishia hapohapo. Mwanawe, yaani babu yangu, akaona heri awe upande wa reli. Akawa mchochea moto, mtu wa pili ndani ya injini, beleshi mkononi, makaa na jasho. Ukaja wakati wa dizeli. Uliniambia mwenyewe walivyoitwa yadi asubuhi wakaambiwa waweke mabeleshi chini, na kwamba Babu alikwenda kuliosha beleshi lake kwanza ndipo akalikabidhi. Miaka iliyobaki alifagia stesheni. Ukaingia wewe kwenye dizeli, na sasa mnaiona reli ya umeme inavyokuja. Mimi nikapanda angani nikidhani huku juu hawatufikii. Nimekaa kiti kilekile cha Babu, kiti cha pili, na nasikia watu wanaulizana kama kina kazi.

Mpaka hapo naongelea mambo ya dunia. Sasa nikwambie langu mwenyewe, ambalo sijamwambia mtu yeyote. Wiki tatu zilizopita nilipimwa. Kila baada ya miezi kadhaa tunaingizwa kwenye chumba cha mashine inayoiga ndege. Nje ni sanduku kubwa lenye miguu ya chuma. Ndani ni kama ndege yenyewe, viti, saa, vitufe, na kioo kinachokuonyesha milima na mawingu. Inayumba, inanguruma, na mtahini amekaa nyuma yenu anawatilia matatizo. Ukifeli huko hufi, lakini kazi inaweza kufa.

Nilipangwa pamoja na Kapteni Salim, mzee wa Mombasa, mtu mwema sana. Ramadhani iliyopita alinifuturisha kwake karibu kila siku, na mkewe alinifungia maandazi ya kwenda nayo. Namwamkia shikamoo kila tunapoonana, ananijibu marahaba mwanangu, na katika nchi hii ya wageni neno hilo peke yake lanitosha mchana mzima. Basi tulikuwa tunashuka kati ya milima, mawingu mazito. Mtahini, akijifanya ni mtu wa mnara wa kuongoza ndege, akatuambia tushuke hadi futi elfu tisa. Nikamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe, elfu tisa. Kapteni Salim akanyoosha mkono kuweka kipimo kwenye kidirisha. Akaweka elfu sita.

Niliona. Baba, niliona wazi kama ninavyoiona kalamu hii. Kazi ya kiti changu saa ile ni moja tu, kusema. Mdomo ukawa mzito. Nilimtazama mzee na mvi zake, miaka aliyoruka inazidi miaka yangu ya kuzaliwa, nikafikiri labda anajua asilolijua kijana, labda atarekebisha mwenyewe. Nikakohoa. Nikasema, "Mzee, samahani, hivi hapa..." kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Nikawa nachagua maneno ya adabu. Mashine ikaanza kupiga kelele kwamba mlima uko mbele. Halafu kila kitu kikazimika, taa zikawaka, tukabaki watu watatu tumekaa ndani ya sanduku.

Mtahini ni mama mmoja wa Kihindi, mkimya. Akaniuliza, "Uliona?" Nikasema niliona. "Kwa nini hukusema?" Sasa mimi nitamweleza vipi shikamoo mtu asiyeijua? Nikainamia vitufe. Akaandika. Alipomaliza kuandika akafunga kalamu, akaniambia taratibu, bila hasira, "Kuna watu kule ghorofani wanaosema kiti chako hakina kazi. Leo umewasaidia."

Kapteni Salim alinifuata hadi mahali pa kuegesha magari. Hapo akanishika bega. "Mwanangu," akasema, "leo umeniua kwa adabu."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Na unajua nilikumbuka nini? Nilikumbuka maneno yako. Ulikuwa ukinisimulia ulipokuwa bado msaidizi, kijana, na dereva wako alikuwa mzee anayeheshimiwa reli nzima, mkaikuta ishara ya kusimama katika stesheni moja ndogo na yeye hakuiona. Ulimpigia kelele. Ulimwita kwa jina lake tupu, bila mzee wala bwana, na akafunga breki. Mimi nilikuuliza kama alikukasirikia. Ukacheka, ukasema kwenye injini hakuna shikamoo, shikamoo mnaiacha stesheni mnaikuta mkirudi. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mdogo, nikilichukulia kuwa ni kichekesho cha watu wa reli. Kumbe ulikuwa unanirithisha kazi, na mimi sikupokea.

Nimepewa nafasi ya kupimwa tena keshokutwa. Nikifeli mara hii narudishwa nyumbani. Mkono umechoka, usiku umeingia, na mwenzangu wa chumbani anataka kuzima taa apumzike. Nitaendelea Mungu akipenda.

Jumanne, jioni

Baba, nimepimwa. Nilitoka huko kabla ya adhuhuri, na sasa ndipo nimepata nafasi ya kuandika.

Usiku wa kuamkia leo sikulala sana. Asubuhi nilimkuta Kapteni Salim amesimama mlangoni mwa lile sanduku, amevaa sare iliyopigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea. Hakuitikia. Alinitazama tu, akasema, "Iweke hapo nje. Tutaikuta tukitoka." Nikahisi kama ni wewe unayeniambia. Yeye hakujui, wala sikuwahi kumsimulia habari zako. Nadhani watu wa kazi za hatari wote wamefundishwa somo moja.

Tukaingia. Milima ileile, mawingu yaleyale. Mtahini akasema elfu tisa, nikajibu elfu tisa. Mkono wa mzee ukaenda kwenye kidirisha, ukasimama kwenye elfu saba. Nikasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, "Kapteni! Elfu tisa. Umeweka saba." Akajibu palepale, "Nimeona, narekebisha, elfu tisa." Akarekebisha. Ndege ikaendelea kushuka salama. Baadaye niliambiwa mtahini alikuwa amemwagiza akosee, lakini wakati ule sikujua, na afadhali sikujua.

Nimefaulu. Tulipotoka nje mzee alifunga mlango wa sanduku nyuma yetu, akageuka, akasema, "Marahaba." Nililia kidogo, nikasingizia jua.

Nilitaka kuishia hapo niwafurahishe. Lakini mchana tuliitwa sote wasaidizi, tukaambiwa mikataba yetu haitakuwa ya miaka mitatu tena, itakuwa ya mwaka mmoja mmoja, wakati wakubwa wanaangalia upepo wa ndege mpya unaelekea wapi. Walisema kwa upole sana, walituwekea na maji baridi mezani. Mimi niliyefaulu asubuhi nilipata karatasi ileile aliyopata aliyefaulu mwezi jana, na ile atakayoipata atakayefaulu mwezi ujao. Kwa hiyo hofu haijaondoka. Nimeshika kiti changu, ila kiti chenyewe sijui kimeshikwa na nani.

Sasa nije kwa Zuhura. Nilifikiri nikushauri asomee ufundi wa ndege, maana chuma kitaharibika hata kama kinajiendesha. Nikamwandikia kwenye simu kumpima. Akanijibu maneno manne tu, "Mbona wewe hukuwa fundi?" Basi nikakoma. Mnamjua wenyewe.

Na hapo ndipo pananikosesha raha, kwa sababu namjua. Mnakumbuka ile Idd ya kuchinja, yeye ana miaka tisa? Baba Mkubwa anagawa nyama uani, mafungu ya majirani na ya mafukara, wazee wote wamekaa wanatazama, hakuna anayekohoa. Zuhura akasimama katikati ya watu. "Baba Mkubwa, fungu hilo umelihesabu mara mbili. Wa mwisho atakosa." Mama ukamfinya paja mpaka akaruka. Baba Mkubwa akahesabu upya, na kweli, fungu moja lilikuwa limepungua. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa yule bibi kipofu wa nyuma ya msikiti. Baada ya chakula mlimsema sana Zuhura kwa kukosa adabu, na mimi nikasifiwa kwa kutulia.

Leo naungama. Mimi pia nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimesimama karibu na Baba Mkubwa kuliko Zuhura, niliona amerudia fungu lile, na nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Mnaona mambo yalivyo? Mtoto mliyekuwa mkimfinya ndiye aliyeumbiwa kiti hiki. Mimi nimelazimika kufeli mbele ya mgeni ili nijifunze kitu ambacho yeye alizaliwa nacho. Angekuwa yeye kwenye ile mashine mara ya kwanza, Kapteni Salim asingemaliza hata kuigusa ile elfu sita.

Kwa hiyo nilipokaa leo na barua hii kuisoma tena tangu mwanzo, nikajiuliza swali ambalo sikutaka kujiuliza. Hapana yangu inatoka wapi? Sehemu inatoka kwa Bibi, ambaye sitaki atolewe shambani mwake akafie chumba cha uani hapo mjini, akisikiliza bodaboda. Sehemu inatoka kwa Okello na mfuko wake wa nailoni. Hizo ni kweli tupu, na bado nazisimamia. Lakini iko sehemu nyingine. Kama viti viwili vitabaki kimoja, basi vijana wote wa ukoo wetu wanaopenda kuruka watakuwa wanakitazama kiti hicho kimoja. Mimi na Zuhura tutakuwa tunakitazama pamoja. Na mimi najua, Baba, nani kati yetu anastahili kukikalia. Nimeona aibu kuandika hivi, nikaacha kalamu nikazunguka chumba, nikarudi. Nakuogopea wewe na shamba, namwogopea Zuhura, na namwogopa Zuhura. Sijui ni kiasi gani cha hapana yangu ni cha lipi. Ndiyo maana sitaki uamue kwa neno langu peke yake.

Mwambie mnunuzi asubiri. Akikataa kusubiri, aende, ardhi ya Ntalikwa haikimbii. Na usimwambie Zuhura kwa mdomo yale niliyoyaandika, kwa maana utayalainisha, nakujua. Mpe barua hii yote aisome mwenyewe, pamoja na hapa ninapomtaja.

Nisalimieni Bibi, mwambieni sugu ya mkwewe naikumbuka na mbuzi wake pia. Nisalimieni Baba Mkubwa, msimwambie habari ya nyama, yaliyopita yamepita. Shangazi wa Ipole akishuka mjini na asali, mwambieni ile ya mwaka jana niliila kwa kijiko mpaka ikaisha, na kwamba ya mwaka huu Maganga anaweza kuibeba akifunga vizuri. Nisalimieni Mama Sikujua, bila kumwambia ninachosema juu ya masikio yake yanayopenya ukuta. Mzee wa msikitini aliyenisomea dua siku ya kuondoka, mpeni mkono wangu, mwambieni aendelee, kazi bado.

Neno la mwisho, nawaombeni wote wawili. Zuhura akimaliza kusoma, mketisheni barazani, na nyinyi mkae. Mwambieni kaka yake ametazama kipimo akasema hapana, na sasa ni zamu yake kutazama. Akiona nimeona sawa, aseme. Akiona nimekosea, aseme pia, kwa sauti, anitaje jina langu tupu bila kaka, hata kama Bibi yupo na majirani wamejaa. Nitalipokea jibu lake kwa mwandiko wake, si kwa simu, na nitalifuata.

Mama, akifungua mdomo, tafadhali usimfinye.

Mwanenu,
Kassim